Kupima Kitabu cha Mwenzako

Kila mtu ni hodari wa kuhoji kitabu kitakatifu cha jirani yake. Cha kwake amekipokea tangu utotoni pamoja na sala za jioni, na kwa hiyo hakimshangazi. Cha jirani hukutana nacho akiwa mtu mzima, macho yamekwisha kufunguka, naye huona mara moja kila tundu lililomo. Nimelifikiria sana jambo hili tangu nilipokisoma kwa makini Kitabu cha Mormoni, maandiko ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wetu tunalijua kama kanisa la Wamormoni. Ningependa, ndugu msomaji, tulitazame pamoja swali ambalo wafuasi na wapinzani wa kanisa hilo wamelibishania kwa karibu miaka 200: je, yaliyosimuliwa humo yalitokea kweli?

Nilikisoma kwa kuombwa. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alibatizwa katika kanisa hilo, na amani ikatoweka nyumbani kwao. Dada alinijia akaniambia, "Kaka, wewe umefundisha historia miaka mingi. Kisome hicho kitabu, ukivunjevunje mbele yake, mwanangu arudi." Baada ya wiki mbili akaja kijana mwenyewe. Aliniamkia, akakaa, akatoa mfukoni nakala ya Kiswahili, tafsiri iliyotolewa mwaka 2000. Akasema, "Mjomba, najua mama alikuja hapa. Mimi sikuombi ukitetee. Kisome, halafu uniambie unavyoona wewe, usinifiche kitu." Mama alitaka nyundo, mwana alitaka mizani. Nilimwambia dada kwamba nyundo sina.

Kwa asiyekijua, kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, nabii aitwaye Lehi anaondoka Yerusalemu na jamaa yake, wanapita majangwa ya Arabuni, wanaunda merikebu na kuvuka bahari hadi Amerika. Wazao wake wanagawanyika kuwa mataifa mawili, Wanefi na Walamani. Kristo, baada ya kufufuka, anawatembelea huko. Mwishowe Wanefi wanaangamizwa vitani, yapata mwaka 385, na Moroni, mwandishi wao wa mwisho, anazificha ardhini habari zao zilizochorwa juu ya mabamba ya dhahabu. Joseph Smith, kijana wa shambani katika jimbo la New York, alisema kuwa Moroni huyo huyo alimtokea kama malaika mwaka 1823 na kumwonyesha mahali penyewe. Kwamba aliyachukua mabamba mwaka 1827 na kuyatafsiri kwa kipawa cha Mungu. Kitabu kilichapwa katika mji mdogo wa Palmyra mwezi Machi 1830, nakala 5,000. Mkulima mmoja, Martin Harris, aliweka shamba lake rehani ili mpiga chapa alipwe dola 3,000.

Mabamba hayapo. Kwa maelezo ya Joseph Smith mwenyewe, yalirudishwa kwa malaika. Basi mwanahistoria akikosa waraka wenyewe hana budi kutazama mambo matatu: mashahidi waliouona, maneno yaliyomo, na nchi inayosemwa.

Tuanze na mashahidi. Wanaume watatu, yaani Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris, walitia sahihi kwamba malaika aliwaonyesha mabamba. Wengine wanane walisema waliyaona na kuyashika kwa mikono yao. Wale watatu waligombana na Joseph Smith, na kufikia mwaka 1838 wote walikuwa nje ya kanisa. Wawili walirudi baadaye. Whitmer hakurudi mpaka kufa. Hata hivyo hakuna kati ya hao watatu aliyeukana ushahidi wake. Jambo hili si dogo, na anayelicheka hajakaa mahakamani. Mtu aliyegombana na mwenzake kwa kawaida huwa wa kwanza kutoboa siri. Lakini ushahidi wa namna hii unatuhakikishia kitu kimoja tu, kwamba watu hao waliamini walichokisema. Hautuambii dhahabu hiyo ilichorwa lini, wala na nani.

Pili, maneno yaliyomo. Kitabu kinataja farasi, magari ya kukokotwa, ngano, chuma cha pua, na hata tembo, katika Amerika ya kale. Farasi wa asili wa bara hilo walitoweka yapata miaka 10,000 iliyopita, na waliokuja baadaye waliletwa na Wahispania. Ngano nayo ilivuka bahari pamoja na Wazungu. Wenyeji walijua kufua vipande vya chuma cha vimondo na walikuwa mafundi wakubwa wa dhahabu na shaba, lakini kazi ya kuyeyusha mawe ya chuma haikuwapo huko. Tena sura nyingi za Isaya zimo humo, karibu neno kwa neno kama zilivyo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambayo ndiyo iliyokuwa mezani katika kila nyumba ya jirani zake Joseph Smith. Na wazo lenyewe kwamba Wahindi Wekundu ni wana wa Israeli lilikuwa likizungumzwa sana wakati huo. Mchungaji mmoja wa Vermont, Ethan Smith, ambaye hakuwa ndugu wa Joseph, alikwisha kulitolea kitabu mwaka 1823.

Tatu, nchi. Katika Amerika kuna miji mikubwa ya kale, kuna mahekalu, kuna maandishi ya Wamaya ambayo leo yanasomeka. Hakuna hata mji mmoja ambao waakiolojia kwa jumla wameutambua kuwa ni wa Wanefi, wala maandishi yanayowataja. Thomas Stuart Ferguson, Mmormoni aliyeanzisha taasisi ya kuchimba Mexico na Amerika ya Kati mwaka 1952 akitumaini kupata uthibitisho, alifikia mahali akakata tamaa ya kuupata. Kisha vikaja vipimo vya vinasaba, navyo vikaonyesha kwamba asili ya wenyeji wa Amerika iko Asia ya kaskazini-mashariki, si Mashariki ya Kati. Dibaji ya chapa ya 1981 ilisema kwamba Walamani ndio wahenga wakuu wa Wahindi Wekundu. Mwaka 2007 ikajulikana kwamba maneno hayo yamebadilishwa, na sasa inasema kwamba wamo miongoni mwa wahenga wao. Neno moja tu, lakini ndani yake muna safari ndefu.

Ingekuwa dhuluma kuishia hapo, maana watetezi nao wana hoja. Wanasema kwamba kundi dogo la wageni likiingia katika bara lenye watu wengi, damu yao hupotea kama tone la maziwa mtoni. Na kwamba kitabu kinaeleza eneo dogo tu, si bara zima. Wanaonyesha kwamba msafara wa Lehi unapita mahali paitwapo Nahomu, na kwamba huko Marib, Yemen, yamepatikana madhabahu ya karne nyingi kabla ya Kristo yenye herufi za jina la kabila, N, H na M, katika upande wa nchi unaokaribiana na ule wa kisa. Wanaeleza jinsi John Welch, akiwa mmisionari kijana huko Ujerumani mwaka 1967, alivyogundua humo mtindo wa Kiebrania wa kusema jambo kwa mpangilio fulani kisha kulirudia kinyumenyume. Na wanauliza: kijana wa miaka 23, mwenye elimu chache ya darasani, aliwezaje kuimlisha kazi yenye kurasa zaidi ya 500, sehemu kubwa kati ya Aprili na Juni 1829?

Nilizipima hoja hizi moja moja. Ile ya Yemen ndiyo iliyonisimamisha zaidi, kwa sababu ni jiwe unaloweza kulishika. Lakini jina moja la herufi tatu, katika lugha ambazo herufi tatu ndizo shina la maneno mengi, ni uzi mwembamba wa kutundikia taifa zima lililoishi miaka 1,000 upande wa pili wa bahari. Mtindo wa kurudia kinyumenyume umo tele katika Biblia, na kijana aliyelelewa kwa Biblia angeweza kuwa nao bila kuujua jina. Kuhusu wingi wa kurasa, sina jibu la kumridhisha kila mtu. Ila najua kwamba kushangazwa na mtunzi si sawa na kuthibitisha alichotunga.

Sasa nataka nikuambie habari za watu wawili, kwa sababu wamenifundisha kuliko hoja zenyewe.

Wa kwanza ni B. H. Roberts, mmoja wa viongozi wa ngazi za juu wa kanisa hilo, aliyefariki mwaka 1933. Miaka ya 1920 aliulizwa maswali kama haya ya farasi na lugha. Badala ya kuyafagilia chini ya mkeka, alikaa chini akayaandika yote kwa uzito wake, akalinganisha na kitabu cha Ethan Smith, na mwaka 1922 akawapelekea wakubwa wenzake sehemu ya kazi hiyo, akiwasihi watafute majibu ya kuwapa vijana. Mbele ya watu aliendelea kukitetea Kitabu cha Mormoni mpaka mwisho wa maisha yake. Maandishi yake yalichapwa mwaka 1985, na mpaka leo watu wanabishana kama moyoni aliamini au hakuamini. Mimi simhukumu. Naona tu kwamba aliipenda dini yake kiasi cha kutokubali kuitetea kwa majibu dhaifu.

Wa pili alikuwa upande wa upinzani. Katika miaka ya 1980, mfanyabiashara wa nyaraka aitwaye Mark Hofmann alikuwa akiuza barua za kale zilizohusu mwanzo wa Umormoni. Moja, iliyosemwa kuwa ya Martin Harris ya mwaka 1830, ilidai kwamba Joseph Smith hakutokewa na malaika bali na mnyama wa aina ya salamanda aliyegeuka kuwa roho. Wapinzani wangeweza kuishangilia. Lakini Jerald Tanner, aliyeuacha Umormoni na kutumia maisha yake kuupinga, akawa miongoni mwa wa kwanza kusema hadharani, mwaka 1984, kwamba barua hiyo anaitilia shaka, ingawa ilikuwa ikimfaa. Mwaka uliofuata Hofmann aliwaua watu wawili kwa mabomu mjini Salt Lake City ili asigunduliwe. Wachunguzi wakaona kwa hadubini kwamba wino wake ulikuwa na nyufa za kuzeeshwa kwa hila, na mwaka 1987 akakiri. Ndugu msomaji, mtu anayeukataa ushahidi wa uongo unaomfaa, huyo ndiye wa kumpa mizani aishike.

Kipimo cha kweli ni hicho: kikupe jibu usilolitaka kama unavyokipa nafasi ya kukupa ulitakalo. Sisi wa pwani tunao mfano wetu. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema kwamba watawala wake walitoka Shirazi, Uajemi, kwa majahazi. Wataalamu wengi wa karne ya 20 waliyaona kuwa ni ngano za watu waliotaka kujipatia asili ya heshima ng'ambo. Mwaka 2023 yakachapishwa matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na jirani zake kati ya miaka 1250 na 1800. Yakaonyesha kwamba wengi wao upande wa kike ni Waafrika, na upande wa kiume wana sehemu kubwa ya damu ya Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Wanaotutaka tuwe wageni hawakupata walichotaka, na wanaotaka masimulizi yawe uongo mtupu nao hawakupata. Chombo kile kile kilichoipa Kilwa sehemu ya haki yake, huko Amerika hakijaipa Lehi kitu. Siwezi kukiamini hapa na kukikataa kule.

Lipo andiko jingine linalotugusa sisi Waafrika kwa karibu zaidi. Mwaka 1835 Joseph Smith na wenzake walinunua maiti nne za kale zilizokaushwa kutoka Misri pamoja na mafunjo yaliyoandikwa, na mwaka 1842 akachapisha kile alichosema ni maandiko ya Ibrahimu mwenyewe. Wakati huo Champollion alikuwa amekwisha kufumbua maandishi ya Misri, lakini Marekani hakukuwa na aliyeweza kuyasoma. Watu walidhani mafunjo yote yaliteketea katika moto wa Chicago wa 1871, mpaka vipande vyake vilipoonekana katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na kanisa likakabidhiwa mwaka 1967. Waliposoma wataalamu, wakiwamo Wamormoni, waliona ni maombi ya maziko ya Kimisri ya karne nyingi baada ya Ibrahimu, na jina lake halimo. Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilikubali kwa maandishi kwamba vipande hivyo havilingani na Kitabu cha Ibrahimu. Watetezi wanasema huenda sehemu iliyotafsiriwa imepotea, au mafunjo yalikuwa ya kumfungulia nabii maono tu.

Kwa nini hili litushughulishe? Kwa sababu ndani ya kitabu hicho mna aya inayosema uzao wa Farao ulinyimwa haki ya ukuhani, na aya hiyo ilitumika kama nguzo ya kuwanyima watu weusi ukuhani na baraka za hekalu. Mtu mweusi Elijah Abel alipewa ukuhani mwaka 1836, lakini mwaka 1852 Brigham Young alitangaza hadharani zuio ambalo halikuondolewa mpaka Juni 1978. Kitabu cha Mormoni nacho kinasimulia ngozi nyeusi kama laana iliyowashukia Walamani. Mwaka 2013 kanisa lilizikana nadharia zote kwamba weusi ni alama ya laana. Lilifanya vema. Lakini tazama, ndugu yangu, jinsi swali la mafunjo, ambalo laonekana ni la maprofesa na miwani yao, lilivyokaa mlangoni kwa miaka 126 likimzuia mtu asiingie.

Na hapo hapo historia haikubali kurahisishwa. Kabla ya 1978, huko Nigeria na Ghana, kulikuwa na watu waliokisoma kitabu hicho, wakakipenda, wakaanzisha makutaniko yao wenyewe, wakaandika barua Marekani kuomba wabatizwe, wakangoja miaka. Anthony Obinna wa Nigeria alibatizwa Novemba 1978. Joseph William Billy Johnson wa Ghana, aliyekuwa akihubiri tangu 1964, alibatizwa Desemba. Waliona nini humo ambacho mimi sikukiona? Nadhani walimwona Mungu asiyesema na bara moja tu. Wazo hilo si la kudharauliwa, hata kama farasi hawakuwapo.

Mpwa wangu aliporudi nilimweleza yote haya, kama nilivyokueleza wewe. Nikamwambia: kwa mizani ya historia, ushahidi unaonielemea ni kwamba kitabu hiki ni kazi ya karne ya 19. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sawa, mjomba. Na Yeriko je? Na Kutoka?"

Hakuuliza kwa utovu wa adabu. Aliuliza kwa haki. Mimi ni Mkristo wa kanisa la wazee wangu. Najua kwamba Kathleen Kenyon alichimba Yeriko kati ya 1952 na 1958, na kuta alizozikuta zilikuwa zimekwisha kuanguka muda mrefu kabla ya wakati anaodhaniwa Yoshua. Najua kwamba wanaume 600,000 wanaosemwa kutoka Misri hawajaacha alama jangwani. Nilimjibu kwamba iko tofauti: Yerusalemu ipo, Yeriko yenyewe ipo, mfalme Hezekia ametajwa na adui zake Waashuri katika maandishi yao, ndani ya Biblia mwanahistoria anachambua lipi lilitokea na lipi halikutokea, ambapo kwa Wanefi bado hajapata pa kuanzia kuchimba. Tofauti hiyo ni kubwa, na sikuipunguza ili kumfurahisha. Lakini sikumwambia kwamba kitabu changu hakina maswali, maana kina.

"Basi unaniambia nitoke?" akauliza.

Nikamwambia hilo silo aliloniuliza mwanzo. Kitabu chake chenyewe, mwishoni, humwambia msomaji amwombe Mungu amjulishe kama ni kweli. Anayejibiwa katika sala amepata jambo ambalo jembe la mchimbaji haliwezi kulifikia. Lakini sala nayo haioti farasi mahali ambapo hawakuwapo. Yako makanisa yaliyojaribu njia ya kati. Community of Christ, lililochipuka katika shina lile lile la Joseph Smith, linakipokea kitabu kama andiko bila kumlazimisha mshiriki kiwango cha kukiamini. Kanisa la mpwa wangu halijachukua njia hiyo. Joseph Smith alikiita jiwe kuu la dini yao, na viongozi wake husema ni historia ya kweli. Wasomi waliohoji mambo nyeti walilipa gharama. Mwezi Septemba 1993 sita waliadhibiwa kwa mpigo, watano kati yao wakatengwa. Nilimwambia ayajue hayo mapema, na akibaki, abaki akiwa anajua.

Bado yumo kanisani, na dada yangu bado ananilaumu kwamba nilikuwa na nafasi nikaiacha. Labda. Lakini nimeona vijana waliobomolewa imani na wajanja wa kubishana. Wengi hawakurudi kwenye dini ya mama zao, walibaki bila dini na bila mama. Mpwa wangu huja kwangu, naye huja na maswali. Siku hizi tunasoma pamoja kitabu cha Isaya, ambacho yeye anacho mara mbili na mimi mara moja, na kila mmoja wetu anaruhusiwa kuuliza chochote. Naona hilo ni jema kuliko ushindi.